Kutotolesha vifaranga nyumbani kwa inkubeta ndogo: usiiamini skrini

Mara ya kwanza niliweka mayai 56 nikapata vifaranga 9, na kati ya hao 9 watatu miguu imetanuka kama chura, hawasimami. Mashine mpya kabisa, imetoka kwenye boksi na harufu yake, skrini inaandika 37.8 usiku na mchana bila kuyumba, mi nikajua kazi imeisha nikae nisubiri siku 21. Siku ya 21 kimya. Siku ya 22 kimya. Siku ya 23 ndo kakatokea kamoja kanalia kitovu bado kiko wazi, na wengine wakafuata mpaka siku ya 24 wakiwa hoi. Kuja kupima vizuri ndani ya mashine joto lilikuwa pungufu karibu digrii moja kuliko skrini inavyosema. Digrii moja tu jamani, ila kwa yai digrii moja kwa wiki tatu ni kitu kikubwa sana, joto likiwa chini wanachelewa na wanatoka dhaifu, likiwa juu wanatoka mapema siku ya 19 au 20 wengi wakiwa na matatizo, na likizidi kabisa hawatoki.

Na kosa la pili nililifanya kabla hata ya mashine. Trei moja nilichukua kwa mama mmoja hapa Chanika anayefuga kienyeji, hayo mengine 26 nikanunua dukani kwa tamaa ya kuijaza mashine. Mayai ya dukani mengi ni ya kuku wa mayai wanaofungiwa ndani bila jogoo, hata uyaweke kwenye mashine ya milioni kumi hayatoi kitu. Kwa hiyo tuanzie hapo.

MAYAI

Nenda kwa mfugaji umwone jogoo kwa macho yako. Uliza ana matetea mangapi kwa jogoo mmoja, kuanzia 8 mpaka 10 ni sawa, ukiambiwa jogoo mmoja ana matetea 25 ujue mengi hayana mbegu, jogoo naye ana mwisho wake. Uliza pia kama jogoo ni ndugu wa hao matetea maana mitaani huku watu wanafuga ukoo mmoja miaka mitano bila kubadilisha jogoo halafu wanashangaa vifaranga wanazaliwa vilema.

Yai liwe halijazidi siku 7 tangu litagwe. Mpaka siku 10 utapata ila unapoteza baadhi, zaidi ya hapo we unacheza. Wakati unayakusanya yaweke sehemu yenye ubaridi na kivuli, ncha kali ikiangalia chini, sio kwenye friji na sio juu ya kabati la jikoni ambako kuna joto la jiko. Chini ya kitanda chumba kisichopigwa jua mi ndo napotumia. Yageuze geuze mara moja kwa siku.

Usioshe mayai. Najua yakiwa na kinyesi mkono unawasha kuyaosha, ila ganda lina vitundu vidogo sana na juu yake kuna utando unaozuia vijidudu kuingia, ukiosha umeutoa utando na maji yanavuta uchafu kuingia ndani. Yai chafu sana liache ukaange. Lenye uchafu kidogo kwangua taratibu na kitambaa kikavu. Acha pia lile kubwa mno (mara nyingi lina viini viwili), dogo mno, refu kama kidole, na lenye ufa, ufa mwingine hauonekani mpaka umulike na tochi ya simu.

Kama yamesafiri kwa bodaboda au yametoka mkoani na basi, yapumzishe masaa 12 mpaka 24 ncha chini kabla hujayaingiza. Kile chumba cha hewa kwenye upande butu kinakuwa kimetikisika, kinahitaji kutulia.

Halafu kitu kimoja watu hawaambiwi, ukichukua mayai ya Sasso au Kuroiler ukayatotolesha, watoto hawatakuwa kama wazazi. Wale ni machotara, kizazi kinachofuata kinachanganyika changanyika, mmoja mkubwa mmoja kibushuti. Kama hujali sawa, ila usije ukauzia watu ukisema ni Sasso.

KUPIMA MASHINE KABLA YA KUWEKA CHOCHOTE

Hapa ndo nataka uniskilize vizuri maana ndo panapoua mayai ya watu wengi. Washa mashine ikiwa tupu, weka maji sehemu yake, iache itembee masaa 24. Usiweke mayai siku hiyo hiyo umeileta.

Chukua kachupa kadogo ka dawa chenye mfuniko, jaza maji, FUNGA, kaweke pale mayai yatakapokaa. Lazima kafungwe kwa sababu maji yakiwa wazi yanapoa yakigeuka mvuke na utapata namba ya uongo. Kaache usiku kucha. Asubuhi nenda na kipimajoto cha homa, kile cha dijitali cha duka la dawa, kile cha kuweka kwapani, fungua kachupa haraka uchomeke mle ndani mpaka kilie. Kile kipimajoto kimetengenezwa kiwe sahihi hasa maeneo ya 37 na 38, yaani kimeletwa duniani kwa ajili yako. Kama kinasema 36.8 na skrini inasema 37.8 basi skrini inakudanganya digrii moja, unaingia kwenye seti unapandisha, unasubiri tena masaa kadhaa, unapima tena. Rudia sehemu mbili tatu, katikati na kwenye kona, maana mashine nyingine kona moja ni moto nyingine baridi, ukijua hivyo unakuwa unahamisha mayai.

Joto unalotaka ni 37.5 mpaka 37.8 kama mashine ina feni. Kama ni lile boksi la mbao lenye balbu bila feni, hewa ya moto inapanda juu na ya baridi inabaki chini, hapo unapima usawa wa juu ya mayai na unataka kama 38.5 mpaka 39.

Kipima unyevu nacho kinadanganya, tena zaidi ya cha joto. Namna ya kukijua: chukua kizibo cha soda, weka chumvi ya kawaida, dondosha matone machache ya maji iwe kama uji mzito isiwe maji, weka hicho kizibo pamoja na kipima unyevu ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, acha masaa 8 au usiku mzima. Kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 68 unajua kinapunguza 7, unaandika kwa peni pembeni yake "+7" maisha yanaendelea.

Mashine iweke chumba ambacho joto halipandi na kushuka sana. Sio karibu na dirisha, sio jua linapopiga mchana, sio jikoni. Sisi wa Dar kuanzia Desemba mpaka Machi chumba chenye bati bila dari mchana kinaweza kuwa tanuru, na mashine haina uwezo wa kupoza, inajua kupasha tu. Ikizidi inazidi.

SIKU YA 1 MPAKA YA 18

Andika X upande mmoja wa yai na O upande mwingine, kwa penseli, sio kwa maka peni maana wino unapenya. Weka yai likiwa limelala au ncha chini kutegemea trei yako, ila usiweke ncha juu.

Mayai yanageuzwa angalau mara 3 kwa siku, ukigeuza kwa mkono iwe idadi witiri yaani 3 au 5, ili upande unaolala usiku mzima leo usiwe huo huo wa kesho. Tetea mwenyewe anageuza mara nyingi kuliko hizo. Yasipogeuzwa kiinitete kinagandana na ngozi ya ndani ya ganda kinakufa. Kama mashine inageuza yenyewe usiseme basi, angalia zile X. Yangu iliwahi kuunguruma vizuri kabisa kila baada ya masaa mawili, mota inazunguka, kumbe kale kamkono ka kusukuma trei kamechomoka, mayai yamelala upande mmoja siku tatu na mi napita nasema asante mashine. Ni mwanangu wa darasa la nne ndo aliniambia baba hizi X hazijawahi kwenda.

Unyevu siku hizi 18 uwe 45 mpaka 55. Sasa hapa maelekezo ya kwenye boksi yanakwambia jaza mifereji yote maji, yule aliyeandika hajawahi kukaa Mbagala mwezi wa nne. Masika huku pwani hewa yenyewe ina maji, mi huwa naweka mfereji mmoja tu na siku nyingine siweki kabisa. Mwenzangu wa Dodoma anajaza yote na bado anaongeza sponji iliyolowa. Kwa hiyo fuata kipimo chako ulichokirekebisha na chumvi, usifuate boksi. Yai linatakiwa kupoteza maji kidogo kidogo ili chumba cha hewa kikue, unyevu ukizidi chumba kinakuwa kidogo na kifaranga anakosa nafasi ya kuvuta pumzi ya kwanza, utafungua yai siku ya 22 umkute mkubwa kamili, amevimba, amezama. Inaumiza sana hiyo.

Siku ya 7 usiku zima taa mulika. Tochi ya simu, ziba pembeni na vidole au karatasi ngumu yenye tundu, weka yai upande butu kwenye mwanga. Lililo hai utaona kama buibui, doa jeusi katikati na mishipa myekundu imesambaa, ukitulia utaona linacheza. Lisilo na mbegu ni jeupe pee linang'aa kama siku uliyoliweka. Ukiona mviringo mwekundu kama pete bila mishipa, hicho kilianza kikafa. Toa yote mawili hayo. Sio kwa ajili ya nafasi tu, yai lililokufa linaoza kwenye hilo joto na linaweza kupasuka, na harufu ya viza lililopasuka ndani ya mashine sitaki hata kuielezea, halafu vijidudu vyake vinarukia mengine. Ya kahawia na ganda nene usipoona vizuri liache mpaka siku ya 10 uangalie tena. Rudia siku ya 14 na ya 18.

UMEME UKIKATIKA

Utakatika. Au luku itaisha saa nane usiku, hilo ni kosa lako mwenyewe, weka umeme wa kutosha siku 21 kabla hujaanza.

Usipaniki. Kiinitete kinavumilia baridi kuliko kinavyovumilia joto, hata kuku anayeatamia anashuka kila siku kwenda kula na kunywa na mayai yanabaki wazi. Kwa hiyo nusu saa, saa moja, wala usihangaike, usifungue tu mfuniko. Ikipita hapo funika mashine na blanketi, na kama ikiendelea jaza chupa za plastiki maji ya moto ya kuvumilika na mkono, uzizungushe pembeni ya mashine chini ya blanketi, unabadilisha kila zikipoa. Kipimo chako kisivuke 38 na kitu, watu wanaua mayai kwa chupa za moto sio kwa giza. Ikifika 40 na kukaa hapo masaa, hapo umepika.

Kuanzia siku ya 15 na kuendelea mayai yanajitengenezea joto yenyewe, tatizo lao linakuwa hewa, kwa hiyo blanketi sawa ila matundu ya hewa yaachwe wazi. Mashine nyingi ndogo zina tundu la betri ya volti 12, angalia nyuma kama yako ina, betri ya pikipiki yenye chaji ful inaweza kukuvusha masaa kadhaa.

Nshawahi kukaa masaa 9 bila umeme siku ya 11, nikajua nimepoteza yote, nikayaacha, nikamulika baada ya siku nne, yaliyokufa ni matano tu. Wakatoka wamechelewa siku moja. Kwa hiyo usitupe kwa hasira.

SIKU YA 18 MPAKA 21, MIKONO MFUKONI

Siku ya 18 unasimamisha kugeuza. Toa trei ya kugeuzia, laza mayai chini, tandika kitu chenye mkwaruzo kama ule mkeka wa mpira wa kuzuia kuteleza au gunia safi. Sio gazeti! Wale vifaranga wangu watatu wa miguu ya chura ni gazeti lilifanya, kifaranga anasimama mara ya kwanza anateleza, miguu inatanuka inabaki hivyo. Ukimwahi siku hiyo hiyo unaweza kumfunga miguu na plasta iwe na upana wa kawaida siku mbili tatu akapona, mi sikujua.

Pandisha unyevu mpaka 65 au 70, jaza mifereji yote sasa, maji yawe ya uvuguvugu. Funga. Usifungue tena.

Siku ya 19 au 20 ukiweka sikio utasikia wanalia ndani ya yai, wametoboa ngozi wanavuta hewa ya kile chumba. Kisha utaona kaufa kadogo upande butu. Kutoka hapo kwenye kaufa mpaka atoke inaweza kuchukua masaa 12 mpaka 24, na hicho ndo kipindi kigumu kuliko vyote, sio kwa kifaranga, kwa wewe. Unaona katundu, kamdomo kanapumua, masaa sita hakuna kinachoendelea, unaanza kusema ngoja nimsaidie. Usimsaidie. Anapumzika, anafyonza damu iliyoko kwenye mishipa ya ngozi ya ndani na anavuta kiini kiingie tumboni. Ukimbandua ganda mapema unaona damu, na kila ukifungua mfuniko unyevu unatoka, ngozi za wenzake waliotoboa zinakauka zinawabana kama nailoni wanashindwa kuzunguka. Nimewahi kumsaidia mmoja kwa huruma, nikawabana wanne.

Akitoka mwache humo humo akauke awe na manyoya, hata masaa 24. Hatakufa njaa, kile kiini alichomeza kinamlisha siku mbili mpaka tatu. Na kama joto lilikuwa sahihi, wasiokuwa wametoka siku ya 23, kubali.

BRUDA

Wanaokufa siku ya 2 mpaka 14 ni wengi kuliko unavyodhani na mashine hapo haihusiki. Bruda ni sehemu ya kulelea vifaranga: boksi kubwa au duara la ceiling board, maranda yasiyo na vumbi, na joto. Wiki ya kwanza 32 mpaka 35 usawa wa migongo yao, kila wiki unashusha kama digrii 3 mpaka wawe na manyoya kamili. Ila huhitaji kipimajoto sana hapa, angalia wao. Wakijikusanya lundo moja chini ya taa wanapiga kelele, baridi, na wa chini ya lundo watakufa kwa kukosa hewa. Wakikimbilia pembeni mabawa yameachana wanahema mdomo wazi, joto limezidi. Wakisambaa wengine wanakula wengine wamelala kama wamekufa miguu nyuma, hapo we kalale na wewe.

Ukitumia jiko la mkaa, mkaa uwe umeshakolea nje ndo uingie, funika na majivu, zungushia bati wasiungue, na chumba kiwe na upenyo wa hewa juu. Moshi wa mkaa ambao huuoni wala husikii harufu yake unaua vifaranga na unaua watu, usilale chumba hicho.

Maji kwanza kabla ya chakula, yawe na glukosi siku ya kwanza, chombo kifupi chenye mawe madogo ndani wasizame, chovya midomo ya wawili watatu wengine wataiga. Kisha chakula cha kuanzia cha vifaranga. Usiwape cha kuku wa mayai kisa kipo ndani, kina chokaa nyingi inaharibu figo zao. Angalia makalio kila siku, kinyesi kikigandia tundu likaziba lainisha na maji ya uvuguvugu utoe, usikwangue.

Chanjo: siku ya 7 kideri (Newcastle), siku ya 14 gumboro (ugonjwa wa virusi unaoua kinga ya vifaranga), siku ya 21 kideri tena, siku ya 28 gumboro tena, ndui kuanzia kama wiki ya 6 ubawani. Hiyo ndo ratiba ya kawaida, ila ofisa mifugo wa kata yako anajua kinachosumbua eneo lako, muulize. Ya kwenye maji tumia maji ya mvua au kisima, ya bomba yana klorini inaua chanjo. Asubuhi wanyime maji kwa muda wa saa moja au mbili wapate kiu, uwape wamalize ndani ya masaa mawili, jua lisipige. Chupa moja ni dozi mia na zaidi na ikichanganywa haitunziki, kwa hiyo we mwenye vifaranga 30 pangeni na majirani siku moja mchangie. Ipo pia chanjo ya kideri ya I-2 inayotengenezwa hapa nchini, tone moja la jicho, inavumilia joto kuliko nyingine, hiyo unarudia kila miezi mitatu maisha yote ya kuku. Kideri hakina dawa, anayekuuzia antibayotiki ya kideri anakuuzia matumaini.

Wakitoka nje wiki ya tano, sita, kunguru. Hapa Dar kunguru ni mwizi kuliko mwewe, wanakuja wawili, mmoja anachokoza, mwingine anabeba kifaranga. Wavu juu. Na panya usiku, tundu linalopita kidole gumba anapita.

Mashine nayo isafishe siku hiyo hiyo, kabla yale manyoya ya vifaranga na maganda hayajakauka. Chomoa umeme, toa kila kinachotoka, sabuni na maji ya uvuguvugu, kisha dawa ya kuua vijidudu, usimwagie maji kwenye feni na waya futa tu na kitambaa, anika kivulini mpaka ikauke kabisa. Halafu jaza maji kale kachupa ka dawa, funga, anza upya kupima, maana hata skrini uliyoirekebisha mwezi uliopita inaweza kuwa imeshaanza uongo mwingine. Yangu safari hii imeongeza 0.4.